Shaka ya Mhakiki Juu ya Kifungu cha Nne

Barua pepe iliingia asubuhi nikiwa napepeta mchele uani kwetu, Utemini. Niliweka ungo chini nikaifungua kwenye simu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeandika rasimu ya kiwango cha intaneti: kanuni za kueleza vifaa vifanye nini mtandao unapokatika, ili kazi ya mtu isipotee. Rasimu kama hiyo husomwa na wataalamu wa nchi mbalimbali kabla ya kukubaliwa. Aliyeniandikia alikuwa mhakiki ambaye sijawahi kumwona, wa kwanza kuisoma yangu.

Mama alinitazama. "Mbona umeuacha mchele? Wameikataa?"

"Hapana, mama. Ameisoma! Ameisoma mpaka nukta."

Maoni yalikuwa mengi. Mengine niliyajibu siku hiyohiyo: neno lenye utata, sentensi ndefu mno. Moja lilinichoma. Katika kifungu cha nne nilikuwa nimeandika kwamba mtandao ukikatika, kila kifaa kisubiri dakika tano ndipo kijaribu tena. Akauliza, "Umeliona hili likifanya kazi mahali penye vifaa vingi? Nina shaka."

Niliandika aya tatu za hasira, kwamba anayeishi na mtandao wa kukatika ni mimi, si yeye. Nashukuru sikuzituma, kwa sababu nilipozisoma upya niliona sijajibu swali lake. Sikuwahi kwenda kuangalia.

Kesho yake nikapanda gari la Mtinko hadi kituo cha afya ambako kila chumba kina kishikwambi cha kutuma ripoti. Nikamkuta nesi mkuu, mama mtu mzima, akipanga mafaili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza shida yangu, nikamuuliza mtandao ukirudi huwa wanafanyaje.

"Zamani wote tulikuwa tunabonyeza kutuma kwa mpigo," alisema. "Mtandao unakufa palepale. Tukisubiri, tunasubiri wote, tunabonyeza tena wote, unakufa tena. Siku hizi tumekubaliana kila mmoja awe na muda wake. Wa chanjo anatangulia, wa maabara anamaliza kuosha vyombo vyake kwanza, mimi nafuata baadaye. Ripoti zinakwenda zote."

Nilipiga kofi mezani hadi akashtuka. "Mama, kumbe kosa ni langu! Dakika tano zilezile kwa wote ndizo zinazouua mtandao!"

"Sasa ulikuwa hujui?" aliniuliza, akicheka.

Sikungoja kufika nyumbani. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, kompyuta magotini, nikakifuta kifungu cha nne chote. Nikaandika kwamba kila kifaa kijichagulie muda wake kwa bahati nasibu, na kikishindwa tena, kirefushe subira. Kisha nikamwandikia mhakiki: "Uko sahihi, nilikosea. Nimeliona leo kwa watu wanaolijua kuliko mimi." Nikamsimulia habari za vile vyumba.

Jibu lake lilikuja siku ya pili. Alisema hana pingamizi tena, ila anaomba masimulizi ya kituo yaingie kwenye rasimu, bila kukitaja jina, ili wasomaji waone kanuni ilikotoka. Nilimpigia nesi simu kumwomba ruhusa, naye akaniambia niandike, mradi nisikosee tena.

Rasimu ilisogezwa hatua ya mbele. Wiki iliyofuata wahakiki wengine wawili walituma maoni, marefu kuliko yale ya kwanza. Niliyafungua nikiwa nimesimama wima jikoni, na nilikuwa na hamu zaidi kuliko hofu.