Kijichuma cha Bastola

Ijumaa iliyopita, katika nyumba ninayopikia hapa Nuzha, Jeddah, bosi alikaa sebuleni akiipangusa bastola ya kizamani aliyorithi kwa babake, ile inayojipakia risasi yenyewe. Aliishika kama mtu anayemfuta mtoto uso. Mwanangu akatambaa kuifuata inavyong'aa. Nikamnyakua, nimeshaamua moyoni kwamba kazi hapa halas, basi tena.

Bosi hakukasirika. Aliifungua bastola, akachomoa kijichuma chembamba kama sindano, akanitilia kiganjani.

"Bila hiki haipigi. Kaa nacho mpaka huyu akue. Mimi yanitosha kuitazama."

Madam, mkewe, akaangua kicheko mlangoni. "Wallahi, bwana wewe! Wangu wote wametambaa humu humu, sikupewa hata skrubu!"

Bosi akainamia kitambaa chake, akaendelea kupangusa. Nikamnyooshea madam kile kijichuma. Akanikunja vidole taratibu. "Shika wewe, mama. Wangu wameshakua."

Basi kazi ninayo bado, na kijichuma nimekishonea ndani ya mto. Lakini nikiulalia naona haya, wala sijui namwonea haya nani. Nimepewa bila kuomba kitu ambacho mama mwenzangu alikingoja miaka.