Kiti cha Fundi

Jirani yangu hapa Nyanchwa huitia cherehani mafuta kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, na kushona hajui hata kifungo. Cherehani ni ya mumewe, fundi aliyekwenda Kampala kabla ya mapinduzi ya kule, wala hakuna aliyemwona tena. Mke akisikia hatua uani, mikono yake hukimbilia kuifunika kwa shuka. Juzi, nami nikiwapo, shemeji yake, ndugu wa mumewe, alimletea mnunuzi kutoka soko la Daraja Mbili.

"Uza, shemeji. Mwenyewe si wa kurudi."

Jirani alinivuta kando. "Nikiuza nimekubali amekufa. Kesho ukoo utaninyoa kama mjane, nirithiwe na huyu."

Tulipogeuka, shemeji alikuwa ameshakalia kiti cha fundi, akikanyaga pedeli taratibu.