Dawa Iliyomwishia Bwana Surman

Shangazi yangu, Enid Pargeter, aliacha kushona glavu kule Woodstock mwaka wa pili wa Vita Kuu ya Pili, akaajiriwa maabara Oxford kuotesha ukungu wa kutengenezea dawa. Vyombo vilikuwa haba, wakatumia hata mabakuli ya kujisaidia wagonjwa. Alimimina maji ya sukari, akapulizia mbegu za ukungu, akangoja siku kumi. Yale maji ya manjano yaliyobaki chini ndiyo yaliyokuwa na dawa, na ndoo nzima ilitoa chembe tu.

Mgonjwa wao alikuwa Wilfred Surman, fundi wa mapaa. Kibanzi kilimchoma kiganja, usaha ukaingia kwenye damu. Walipoanza kumdunga ile dawa, homa ilishuka. Siku ya nne aliomba yai.

Dawa nyingi ilitoka na mkojo, kwa hiyo kila asubuhi Enid alikwenda hospitali kwa baiskeli kuuchukua, wataalamu waichuje tena.

"Umefuata mali yangu, binti?"

"Nimeifuata, Bwana Surman. Chupa ngapi leo?"

"Tatu. Sista ananinywesha chai kama ng'ombe. Na usianguke njiani, utaniaibisha mji mzima."

"Wilf, mwache mtoto wa watu afanye kazi," alisema mkewe, Lettice, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

Siku ya sita dawa ikaisha. Enid alimwendea daktari na bakuli mkononi.

"Haya maji yaliyooteshwa siku tano je?"

"Hayana kitu bado, Enid. Rudisha."

Alikwenda wodini mikono mitupu. Homa ilikuwa imerudi.

"Mbona huna chupa?" Surman aliuliza.

"Dawa imeisha. Tunaotesha nyingine. Siku tano hivi."

Aliutazama mkono wake.

"Mimi sijawahi kuanza paa nikiwa na nusu ya vigae," alisema. "Huyo mtakayemdunga baada yangu, otesheni ya kumtosha kwanza."

"Nitawaambia."

"Waambie kweli."

Alifariki siku ya kumi, alfajiri. Dawa kidogo waliyoivuna kabla ya wakati wake haikufika hata robo ya iliyohitajika.

Baada ya mazishi Lettice alikuja maabara. Enid alimvisha kitambaa cha mdomo, akamwingiza chumba cha ukungu, chenye harufu ya handaki la viazi.

"Mabakuli yapi yangekuwa yake?"

Enid alimwonyesha rafu ya chini. Lettice aliyatazama mabakuli yale moja moja mpaka mwisho, akashukuru, akatoka.

Enid aliyafikisha maneno ya Surman. Sijui kama ndiyo yaliyowashawishi, lakini safari iliyofuata madaktari walingoja mpaka akiba ikajaa, wakamchagua msichana mdogo mwenye mguu uliooza mfupa, kwa kuwa mwili mdogo hutaka dawa kidogo. Alitoka hospitali akitembea.

Shangazi alifanya kazi ile hadi vita vilipokwisha. Tukimsifu kwa kupona kwa yule msichana, alisikiliza kwa adabu, kisha akatueleza habari za Bwana Surman.