Jani la Isale Ndani ya Boksi

Niliisikia selotepu kabla sijaiona nyumba. Kraaa, kimya, kraaa. Nilikuwa bado kwenye kijia cha migombani, kwa mjomba wangu Kirua Vunjo, matope yameng'ang'ania viatu, na nilijua kinachofungwa. Nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kufungwa kwenye maboksi.

Mzee wa Kikanada aliishi katika chumba cha mbele cha mjomba tangu mimi sijazaliwa. Alikuja kuuliza historia ya mifongo, ile mifereji ambayo babu zetu waliichimba kuteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani. Wenzake waliuliza, wakaondoka. Yeye alibaki. Kwao alikuwa amesomea kutunza nyaraka, na za kwetu alizitunza kama anayelea mtoto wa watu: kila karatasi ndani ya jalada, majalada ndani ya masanduku ya bati, masanduku juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Hakuyapanga kwa kufuata miaka. Aliyapanga kama maji yanavyoshuka. Sanduku la mlangoni lilikuwa la familia za juu, kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mfereji. La dirishani lilikuwa letu sisi wa chini. Watu wakigombania zamu ya maji, wazee walikuja, wakavua kofia, naye akawasomea maneno ya baba zao wenyewe. Kisha pombe ya mbege ikanywewa.

Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa katika sanduku la dirishani. Alimsimulia mzee huku akimenya ndizi za mtori, na Kichagga kibovu cha mgeni wake kikamchekesha hadi kisu kikamponyoka. Mzee aliandika hata hilo. "Hapa amecheka." Bibi hayupo tena. Kicheko chake kilibaki pale.

Mzee alipofariki, hospitalini Mawenzi, tulimpandisha mlimani tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, na masale, ile mimea yetu ya kuombea msamaha, tukayapanda miguuni pake. Alikuwa amesema barazani, mbele ya wazee, kwamba karatasi zisitoke mlimani. Alisema tu. Mtu aliyeandika kila neno letu, neno lake hilo hakuliandika popote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hasira zako zimefika kabla yako."

Mwanamke wa makamo, aliyetumwa na chuo cha huko kwao mzee, alikuwa amepiga magoti sakafuni kati ya maboksi. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redioni. "Karibu ndani," akaniambia. Alinikaribisha katika nyumba alimozaliwa mama yangu.

"Karatasi zinakwenda wapi?" nikamuuliza mjomba.

"Kwao mzee. Ndugu zake wameridhia. Mchwa wamekula fremu ya mlango, we unadhani wataiogopa historia?"

"Tutaziweka kwenye mtandao," mgeni akasema. "Mtu yeyote ataweza kuzisoma."

"Wazee wakigombania maji, wafungue kompyuta ya nani?"

"Yako," mjomba akadakia. "Si ndiye msomi wetu? Pumzika kidogo kuandika hadithi za mapenzi huko Moshi, uje uwasomee."

Masanduku ya bati yalikuwa matupu, yamesogezwa kando pamoja na matofali yake. Mgeni alikuwa amezipanga karatasi upya, kwa kufuata miaka. Mfongo mzima ulikuwa umekatwa vipande. Bibi alikuwa katika maboksi matatu: kicheko humu, kilichomchekesha mle.

Nikapiga kelele. Nikawaambia wanamzika mzee mara ya pili, na safari hii ndani ya karatasi ngumu. Mjomba akatoka nje. Aliporudi, alikuwa ameshika jani la isale, bichi, amelifunga fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Kwetu ukipewa isale umeombwa na ukoo mzima, walio hai na waliolala. Hukatai. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Na mkubwa akimpa mdogo, ni jambo zito zaidi. Mjomba alilitumia kuniziba mdomo, kama mtu anayechomoa kitambaa mfukoni. Mikono yangu ililipokea kabla sijaamua, kwa sababu nimelelewa na Bibi, na hapo ndipo nilipochemka kwelikweli.

Nikamgeukia mgeni. Nikapiga magoti mbele yake, nikamnyooshea lile lile jani.

"Mama, nakuomba. Ziache."

Mjomba alijua nilichokifanya: ombi la ukoo, lisilokataliwa, nilikuwa nimelielekeza kwa mgeni.

Mgeni alilipokea kwa mikono miwili. "Jamani, zuri sana! Asante." Akalinusa, akalilaza juu ya karatasi, akafunika boksi. Kraaa.

Yote haya ya isale mzee alikuwa ameyaeleza, kwa Kiingereza, ili watu wa kwao waelewe. Yalikuwa ndani ya boksi lile lile, chini ya jani.

"Mwambie," nikamwambia mjomba. "Mwambie amepewa nini."

Mjomba aliangalia sakafu, pale matofali ya masanduku yalipoacha miraba ya saruji safi. Mimi aliweza kuniletea jani mbio mbio. Alishindwa kumpa mgeni hata sentensi moja.

"Gari linasubiri," mjomba akasema.

Mgeni akalibeba boksi la mwisho kifuani, akatushukuru wote wawili. Kwa kuwa mikono yake ilijaa, mjomba alimfungulia mlango, akampisha, kisha akaufunga nyuma yake taratibu, ili ile fremu iliyoliwa isidondoke.