Mtembezi wa Pili

Kemuma alikuwa na kibanda cha gemu pale Kapsoit, nyuma ya duka la mbolea, na watu walimshangaa. Mwanamke mzima, Mkisii aliyekuja Kericho kuchuma chai hadi mgongo ukamkatalia, anakaa mbele ya televisheni akibonyeza vidude! Wacha waseme. Asubuhi, wateja wakiwa bado mashambani, alichomeka kaseti yake, akaketi juu ya kreti la soda, na Kapsoit yote ikamtoka akilini.

Jina la gemu liliandikwa Kijapani, kwa hivyo watu waliliita Mtembezi. Kijitu chenye fimbo kinavuka milima, basi. Wengine walikimbia nacho hadi mwisho. Kemuma hakuwa na haraka. Alikisimamisha darajani aone ukungu ukishuka, maana ulishuka kweli, polepole, kama ule wa mashamba ya chai kabla jua halijapanda. Siku moja alikisukuma ndani ya maporomoko ya maji, hivi hivi tu, akakuta chumba. Mle chumbani hamkuwa na hazina wala adui. Mlikuwa na bibi mzee akisuka kikapu, na ukitulia, anainua kichwa na kukutazama. Mtu fulani, nchi ya mbali, alikaa akamchora yule bibi bila kujua kama kuna atakayemwona. Kemuma alilia. Usiku aliota yumo mle, mgongo hauumi.

Kwa hivyo mwaka wa tisini na sita, Phelix, mchuuzi wa kaseti kutoka Nakuru, aliposema kwamba Mtembezi wa Pili ametoka, Kemuma alikosa usingizi kwa furaha. Je, bibi amemaliza kikapu? Hakutaka makuu. Alitaka tu kujua kwamba huko magemu yanakotengenezwa bado kuna mtu anayejali.

Phelix aliileta kaseti Jumamosi, mvua ikinyesha, wachumaji wamejaa kibandani. Picha ya juu ilipendeza: kijitu sasa kina panga. Kemuma akachomeka. Mlima ulikuwa ule ule. Daraja lile lile, limepakwa rangi nyekundu, na ukungu hakuna. Maadui watatu wakaja, kisha wale wale watatu, kisha wale wale tena. Akaenda moja kwa moja kwenye maporomoko, akasukuma. Kijitu kikagonga ukuta. Akasukuma tena. Ukuta.

Kila aliyewahi kupeleka majani kituoni, pale yanapopimwa na kununuliwa, anamjua karani wa chai. Anamwaga kikapu chako mezani, anayatawanya, na jani gumu analitoa na kukurudishia mbele ya watu. Hubishani. Unalibeba urudi nalo, maana kituoni haliachwi.

Kemuma akaigeuza televisheni wote waone, akaanza kutawanya. "Hii mlima ni ya zamani. Hii daraja wamepaka rangi tu. Hawa watu ni wale wale." Kisha akaichomoa kaseti na kumwekea Phelix mkononi. "Beba, kijana yangu. Hii ni jani ngumu."

Kituoni watu wangenyamaza. Phelix alicheka. "Mama, hizo vitu za pembeni nani anaangalia? Ile ya kwanza ilivuma, sasa wanachuma tu hapo hapo."

"Na chai ukichuma tu bila kupogoa, itakupa nini?"

Aliwageukia wachumaji, watu ambao asubuhi ile ile walikuwa wamerudishiwa majani na hawakunung'unika. Kimeli, mteja wake wa kila siku, akakuna kichwa. "Mama, ni ukweli, ni ile ile. Lakini sisi tumechoka. Tunataka tu kukata watu na panga." Akainuka. Wengine wakamfuata Phelix mvuani hadi kwa Nyamweya, mwenye kibanda kingine cha gemu ng'ambo ya barabara, naye akainunua kaseti hapo hapo. Chema chajiuza? Aliyesema hivyo hakuwahi kufungua kibanda Kapsoit.

Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu Kimeli alikuwa ameona, na bado akaondoka. Siku zilizofuata Kemuma alisikiliza vifijo vya ng'ambo, akitazama ukungu wake peke yake. Kumwita Phelix amletee kaseti kama ile lilikuwa jambo rahisi. Hakumwita. Kodi ya kibanda ilipokaribia, alijifunga tena aproni ya plastiki, akaenda kuchuma asubuhi kwa Rodah, mwenye shamba kule Sosiot, ili alasiri aweze kufungua kibanda chake kitupu.

Rodah, Mkipsigis mwenye huruma, alimwona akisimama kila mara kushika kiuno. "Kemuma, si ungechukua tu hiyo kaseti? Mgongo yako itakatika."

Kemuma alichuma majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kikapuni mgongoni.

"Mgongo nimezoea, Rodah. Hiyo ingine sitaki kuzoea."