Sombe ya posa ya yaya yangu nilitwanga mimi

Wakuu wa jukwaa, salaam kutoka Kasongo. Humu hamna chumvi ya kuongeza, yote iliishia mu sombe.

Ujinga wangu ni huu: niliwaambia wageni wa posa kwamba sombe waliyokuwa wanaisifu nimetwanga mimi. Mwanaume. Mwenye ndevu tayari, ukiangalia karibu.

Twende taratibu.

Huku kwetu, wakija kuangalia binti, kwanza wanaonja sombe yake. Majani ya muhogo yakiwa laini, binti amefaulu. Yakiwa na nyuzi, eti ni muvivu. Kichwani iko na nini, hakuna anayeuliza.

Yaya yangu Zaina, dada yangu mukubwa, iko mwaka wa mwisho wa sekondari, na Exetat, mutihani wa taifa, imekaribia. Muchumba, mufanyabiashara wa Salamabila, alitaka ndoa kabla ya mutihani. Baba alishaanza kulainika.

Asubuhi ile nilimukuta Zaina mbele ya kinu, daftari mapajani, machozi yanadondokea hesabu.

Nikamunyang'anya muchi. Musinione malaika: devoir zangu za shule ni yeye anafanya.

Nilifunga mulango wa jikoni. Haikusaidia kitu. Huku jirani anajua mutwangaji kwa mulio tu. Mama Furaha akapiga kelele toka kwake: "We nani unatwanga kama unaua nyoka?"

Basi, wageni wakala. Shangazi wa muchumba akalamba vidole: "Eeh! Huu ndio mukono wa mwanamuke."

"Asante, mama," nikasema. "Mukono ni wangu. Mukitaka, munioe."

Hakuna aliyecheka. Nilishangaa kidogo.

Shangazi akamugeukia Zaina: "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, mama."

"Bwana yako utamulisha kitabu?"

Ila sahani aliimaliza.

Waliondoka bila kutaja siku ya kurudi, na mpaka leo hawajarudi. Baba hanisemeshi. Zaina anasoma.

Nilichojifunza: kutwanga kunaumiza mabega, uanaume unabaki palepale. Na nyie, kwenu binti anapimwa kwa nini? Mwageni hapa, hata matusi napokea.

Nilisahau mama. Alingoja mpaka wageni wakavuka barabara. Nikajiandaa kupigwa mwiko. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Mimi pia walionja sombe yangu, nikiwa mwaka wa nne sekondari. Kaka zangu wote walikuwa pale. Walikula, wakanyamaza."