Ng'ombe Aliyeshika Usukani

Iko siku moja ya mvua ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Juzi ulinikumbusha. Ndiyo maana niliweka glasi chini nikaondoka kwenye sherehe yako kabla chakula hakijapakuliwa. Nasikia watu wamesema mzee Gaspard alikuwa amelewa. Wengine wamesema ni wivu, eti nimezeeka na uluteni wangu wa akiba, na wewe Fabrice unauanza uluteni huo huo ukiwa na gari mlangoni. Waache waseme. Nimekulea tangu mdogo wangu, baba yako, alipotutoka. Nikuonee wivu wa nini? Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Kaa hapo unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Uliapa kuwa ofisa wa akiba wa wanamaji, sawa. Tulifurahi, mama yako alilia, mimi mwenyewe nilikuvika kofia yangu ya zamani. Kisha yule tajiri wa maboti, ambaye mizigo yake inatoka bandarini hapa kwenda Kigoma na Kongo, akasimama na kipaza sauti, akainua ufunguo wa gari juu, wanawake wakapiga vigelegele. Nawe, ukiwa ndani ya kombati, na kofia yangu kichwani, ukainama ukaupokea kwa mikono miwili. Akasema, "Kuanzia leo huyu ni mutoto wangu." Ukacheka. Mimi ndipo nilipoiweka glasi chini.

Sasa nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa na umri wako, nilikuwa karani kwa mtu wa kutoa mizigo forodhani, pale pale bandarini. Jina lake Salvator, na sisi wafanyakazi wake tulimwita patron, yaani bosi. Siku za kawaida nilishika makaratasi yake. Nikiitwa, navaa kombati naingia ziwani. Hayo ndiyo maisha ya ofisa wa akiba, mguu mmoja ofisini na mwingine majini. Wenzetu wa jeshi la kudumu walitutania, wakatuita askari wa Jumamosi. Hatukujali. Tulikuwa vijana, na kombati ilitupendeza.

Wakati huo nilitaka kumwoa mama yako mkubwa, Esperansi. Baba yake alikaa Gihosha, na alikuwa mzee wa aina ya zamani. Wengine walishaanza kupokea mahari ya bahasha, yeye akasema bahasha haina kwato. Alitaka ng'ombe anayetembea. Mimi ng'ombe nitamtoa wapi? Salvator akasikia, akanipa mmoja, mwekundu, pembe ndefu. Alimleta yeye mwenyewe mbele ya watu wote, siku ya mahari.

Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukufundisha. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, hakupi nyama na maziwa tu. Kuanzia siku hiyo unajulikana wewe ni mtu wa nani. Hakuna anayeandika, hakuna anayetia sahihi. Ng'ombe akipita njiani, watu wameshasoma. Nami nilipiga makofi, nikashukuru, nikaona nimepata baba wa pili. Hata baharia wangu Zakaria alikuwepo. Alikula sahani mbili na akazisifu zile pembe mpaka watu wakamwambia anyamaze.

Mvua ikaja. Si mvua ya kuulizana kama ni mvua. Mto ukavunja kingo zake, ziwa nalo likawa limejaa, maji yakakosa pa kwenda yakaingia Kajaga. Tukaitwa. Nilipewa boti moja ya injini, Zakaria kwenye usukani, na amri ya kutoa watu.

Kajaga ya wakati ule ilikuwa na nyumba chache za matajiri ufukoni, na nyuma yake vyumba vya kupanga, vya matofali ya udongo, walimokaa wavuvi na akina mama wa ndagala, hao dagaa wa ziwa letu. Tulipoingia pale, mkono wa kuume nilimwona mama mmoja juu ya bati, na watoto watatu, na bibi kizee kipofu amemshika kiunoni. Nilimfahamu kwa sura. Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira, alikuwa akianika ndagala pale ufukoni. Alikuwa anapunga kitenge kwa nguvu zote. Mkono wa kushoto ilikuwepo nyumba ya ghorofa ya Salvator. Na Salvator mwenyewe yuko juu barazani, mkavu, ameshika mwavuli, ananiita kwa mkono.

Nilifungua mdomo kusema twende kuume. Kabla sijasema, boti ilikuwa imeshageuka kushoto.

Sikuwa nimetoa amri, mwanangu. Sikuwa nimetamka neno. Nikamwuliza, "Zakaria, unaenda wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Kwa patron, chef. Si ni ye alikupatia ngombe?"

Hakusema kwa ubaya. Alidhani ananisaidia, ananiepusha na aibu ya kutamka. Na hapo ndipo nilipogeuka kumtazama Mama Furaha. Alikuwa ameshusha kitenge. Hakulia, hakututukana. Ameketi juu ya bati, amewavuta wanawe karibu, anatazama boti ya serikali ikienda kwa tajiri, na usoni hana hata mshangao. Hicho ndicho kilichonichoma. Angetutukana ningevumilia. Lakini yeye alituona tunageuka akajua, kana kwamba hata yeye alikuwepo kwenye mahari yangu.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. "Geuza! Geuza sasa hivi!" Zakaria akageuza, lakini tulikuwa tumeshafika chini ya baraza, na Salvator akaanza.

"Gaspard! Huku! Niko na frigo hapa chini, niko na televizio, niko na kahawa ya batu!"

"Patron, we uko pakavu," nikamwambia. "Tunatoa batu kwanza."

"Batu gani? Ngombe yangu ulimukula na pembe zake? Eh? Kweli fadhila ya punda ni mateke!"

Alisema na mengine, sitayarudia mbele ya mtoto. Tukamwacha na mwavuli wake.

Boti ilipogusa bati, unadhani Mama Furaha aliruka ndani? Hakuruka. Aliniuliza kwanza, "Munatuchukua kweli, ao munapita tu?"

Swali hilo limekaa kifuani mwangu mpaka leo. Nikamwambia, "Panda, mama, panda." Tukamshusha bibi kizee, tukapokea watoto, mwisho yeye. Tulikuwa hatujafika mbali ukuta wa udongo uliokuwa chini yao ukalainika, bati lote likainama likaingia majini. Zakaria aliliona. Tungesimama kupakia lile friji lake tu, wale watano tungewatafuta chini ya maji kwa miti.

Mwanangu, usidhani nilipewa nishani. Salvator alinifukuza kazi maji hayajakauka, kisha akatuma mtu: anamtaka ng'ombe wake. Na ng'ombe yuko wapi? Yuko Gihosha, kwa baba mkwe, ndiye mahari ya mke wangu! Je, wewe ungefanyaje? Nilipanda kilima cha Gihosha kwenda kumwambia mzee mwenyewe.

Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo yake mkononi. Kisha akasema, taratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele: "Mi nilizani umeniletea ngombe. Kumbe ni Salvator alimuoa binti yangu, we ulikuja kusindikiza tu."

Nikainamisha kichwa.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akaendelea. "Sasa we uko uchi mbele yangu, na mi niko uchi mbele ya majirani. Esperansi hana kosa, atabaki kwako. Ngombe umupeleke. Lakini pombe yangu utaikunywa siku utaleta ngombe umetafuta we mwenyewe, hata akiwa kilema." Nilidhani amemaliza, nikageuka niondoke. Akaniita tena. "Na sikia. Kama ungeenda kwa ile frigo, ni binti ndiye ungeniachia hapa leo, si ngombe."

Tulimteremsha yule ng'ombe kutoka Gihosha mpaka Kajaga kwa miguu, mimi nikimvuta kwa kamba, Esperansi nyuma na kijiti. Watu walitoka kwenye milango kututazama, maana ng'ombe wa mahari huwa anapanda kilima, hashuki. Nilitaka ardhi inimeze. Tulipofika kwa Salvator, Esperansi alisema, "Huyu alikuwa anapigaka mateke hata wakati wa kukamua. Aende tu." Nikacheka katikati ya aibu yangu. Ndipo nilipojua nimeoa.

Ilinichukua miaka kumpata ng'ombe wangu mwenyewe. Alikuwa mtamba mwembamba, mbavu unazihesabu. Baba mkwe alimzunguka, akamcheka, kisha akaagiza pombe. Nilipoinywa nilikuwa nimeanza kuota mvi. Cheo changu nacho kilibaki pale pale. Wenzangu niliovaa nao kombati siku moja walipanda, mimi niliingia luteni nikatoka luteni. Sina ushahidi wa kumlaumu mtu, lakini nisikudanganye kwamba hainiumi. Inaniuma. Wapo watu ambao nikiwaona barabarani navuka upande wa pili ili nisiwasalimie kwa meno.

Sasa turudi kwenye gari lako, na usiniambie ni zawadi tu. Najua ni zawadi. Ingekuwa hongo nisingehangaika, kwa maana hongo unaitambua, ukitaka unaikataa. Zawadi inakuja na vigelegele, mama yako akilia kwa furaha, na wewe unaona kuikataa ni utovu wa adabu. Unajiambia, "Nitapokea, lakini kazini nitakuwa mkali." Mimi pia nilijiambia hivyo. Nilikuwa mkali. Na boti ikageuka bila mimi!

Maboti ya yule tajiri umeyaona. Watu wanakaa juu ya magunia ya saruji, maji yanachungulia ukingoni, na bado anaita abiria. Siku moja wewe utaitwa, utasimama pale bandarini, na moja litakuwa linataka kutoka hivyo hivyo. Mabaharia wako walikuwepo kwenye sherehe. Walikula, walinywa, waliuona ule ufunguo ukiinuliwa. Wataliacha lipite kabla hujafungua mdomo, na wataona wamekuheshimu. Na wale walioko juu ya saruji watakutazama usoni, na hawatakushangaa.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, na leo sikubembelezi. Samaki mkunje angali mbichi. Kesho asubuhi tunakwenda bandarini, mimi na wewe. Vaa kombati ile ile uliyopokelea. Utamrudishia ufunguo mbele ya wafanyakazi wake, mchana kweupe, kwa mikono miwili na kwa heshima zote, kama ulivyoupokea. Usiurudishe kwa siri; kilichopokelewa hadharani kikirudishwa gizani, watu bado watakihesabu ni chako. Akikasirika, mwache akasirike. Akikuita punda, nimeshaitwa mimi, sijaota masikio. Mabaharia wako wawepo, waone. Siku ukitaka kuoa nitakusaidia kutafuta, na tukipata mbuzi tutakwenda na mbuzi.

Ukiona huwezi, niletee kofia yangu kabla jua halijapanda, na gari ubaki nalo. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni.

Lakini ukija umevaa, mwanangu, nitasahau hasira yote hii. Mungu akulinde majini na nchi kavu. Akupe ng'ombe wako mwenyewe, hata mwembamba, na mke wa kucheka naye siku ya aibu. Na popote boti yako itakapotokea, wenye shida wakiiona wapunge kitenge chao, wapunge tu, wasikishushe mpaka umefika.